Kidatu ya zamani, ya lini hiyo?

Kimya kingi kina mshindo, na mshindo wenyewe ndo huu. Ni Alhamisi usiku, umeme upo, maji hamna, na jirani wa chumba cha pili kafungulia muziki kama vile kalipwa kutukesheza. Kusoma nimeshindwa. Basi niandike, maana kuna jambo linanikereketa tangu wiki iliyopita.

Kuna sentensi mbili nimezisikia mpaka zimenichosha. Ya kwanza wanaisema wenzangu tunaotoka bonde moja, wa Kidatu, Mang'ula, Ifakara mpaka Mlimba. Tukikaa kijiweni, chai ikianza kupoa, lazima mmoja ashushe pumzi: "Ah, Kidatu ya zamani bwana! Siku hizi pameharibika." Ya pili wanaisema wale wenzetu wa semina, wenye tai na daftari jipya: "Kubalini mabadiliko jamani, hakuna kinachodumu duniani."

Wa kwanza analia, wa pili anahubiri. Ukiwaangalia harakaharaka utadhani ni mahasimu. Mie nasema ni ndugu wa tumbo moja. Wote wawili wanaamini kuwa mabadiliko ni kama mvua: yanashuka tu kutoka juu, hayana mwenyewe, na binadamu kazi yake ni kulia au kuvumilia. Hapo ndo ninapobishana nao, tena wote kwa mpigo. Kaeni mkao wa kula.

Naanza na waliaji, maana hao ni wa nyumbani na hatuna haya.

Mnasema Kidatu ya zamani. Ya lini hiyo? Ukimbana mtu akueleze, atakutajia miwa mpaka macho yanachoka, king'ora cha kiwanda, nyumba za kampuni, treni, taa za bwawani zikiwaka usiku. Haya, tuhesabu. Kiwanda cha kwanza cha sukari, K1 pale Msolwa, kilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Cha pili, K2 cha Ruembe, ng'ambo ya mto Ruaha Mkuu, 1976. Reli ya kutoka Kilosa kupitia Mikumi ilifikishwa Kidatu miaka hiyohiyo ya 60. TAZARA ikajengwa kati ya 1970 na 1975. Kituo cha umeme, mashine za kwanza ziliwashwa 1975, zikaongezwa nyingine 1980, jumla megawati 204. Kwa hiyo hiyo zamani yote unayoililia ina umri wa babu yako tu. Na babu yako mwenyewe aliiona ikija, akaishangaa kama kitu kigeni. Kabla ya king'ora watu waliamshwa na jogoo. Kama kulikuwa na mtu wa kulia mwaka 1962, basi huyo ndo alikuwa na haki ya kusema "Kidatu ya zamani bwana," akimaanisha Kidatu isiyo na shamba hata moja la kampuni.

Na watu je? Nani wa zamani pale? Wandamba watasema sie, na wana hoja, mto huo wanaujua kuliko mtu yeyote. Lakini Wambunga waliingia bondeni karne ya 19. Sukari na reli zikaleta watu wa Songea, Iringa, Mbeya, Dodoma na kwingineko. Baadaye wakaja Wasukuma na ng'ombe wao na majembe ya kukokotwa, kilimo cha mpunga kikabadilika mpaka wenyeji nao wakajifunza kulimia maksai. Mtoto aliyesoma shule ya msingi Kidatu akikutajia makabila ya darasa lake, anakutajia nusu ya ramani ya nchi. Sasa mtu ambaye wazazi wake walishuka na treni kufuata kazi ya kiwandani, leo anasimama kijiweni anasema wageni wameharibu mji. Duh! Kaaazi kweli kweli. Ndugu yangu, wewe mwenyewe ndo mabadiliko aliyoyalalamikia mtu fulani.

Ukitaka kuona vizuri zaidi, nenda stesheni ya Kidatu. Hapo zinakutana reli mbili. Ile ya zamani ya kutoka Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000, TAZARA ina milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, haifiki hata urefu wa kidole cha kati. Lakini kwa sababu hiyo, behewa la huku haliwezi kuendelea kule. Mzigo lazima ushushwe, upakiwe upya, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ikabidi pajengwe eneo maalumu la kuhamishia makontena. Wajenzi wa kila zama walipima wakaweka chuma chini wakidhani kipimo chao ndo cha milele. Sie tuliokuja baadaye tunahangaika na tofauti ya kidole. Nawaambia, kila kizazi hujenga kana kwamba chenyewe ndo cha mwisho. Huo ndo ugonjwa wa mlilia zamani: anachukua picha moja ya mji, ile ya siku aliyokuwa na miaka tisa, anaipa jina la Kidatu halisi.

Tena kilio hiki si cha bure, kina hatari yake. Kuna jamaa aliniambia anakikumbuka kivuko cha mto Kilombero pale Ifakara, eti safari ilikuwa na ladha. Ladha ipi? Mgonjwa wa kutoka Malinyi au Mahenge anakimbizwa hospitali Ifakara, anafika kivukoni, kivuko kipo ng'ambo au kimeharibika. Januari 2016 kivuko kilipinduka mtoni kwa upepo na mvua, watu wakafa maji. Leo kuna daraja la mita 384, lilizinduliwa Mei 2018 na likaitwa Daraja la Magufuli. Barabara nayo, kutoka Kidatu hadi Ifakara, kilomita 66.9, ambayo wazazi wetu waliila kwa vumbi kiangazi na kwa tope masika, basi likizama abiria wanashuka kusukuma, imewekwa lami, Rais Samia akaizindua 2024. Mtu anayelilia ladha ya kivuko naomba siku moja awe na mama mjamzito kwenye foleni ya kivuko saa nane usiku. Akitoka hapo aje tuongee habari za ladha.

Mpaka hapo naona wenzangu wa semina wanapiga makofi. Wanasema: umeona? Kubali mabadiliko! Punguzeni makofi, zamu yenu imefika.

Kwanza niulize: kwa nini mahubiri haya huwa yanatoka juu kwenda chini? Sijawahi kumsikia mama muuza samaki akimwambia meneja "kubali mabadiliko." Siku zote ni kinyume. Pale kivukoni kulikuwa na akina mama wa perege na kambale, vijana wa mahindi ya kuchoma, watu walioishi kwa foleni. Daraja lilipofunguka, gari zikapita moja kwa moja. Daraja ni jema, nimeshasema na sirudi nyuma. Lakini mtu aliyepoteza meza yake hakupoteza kwa sababu alikuwa mgumu wa kubadilika. Alipoteza kwa sababu hesabu ya daraja ilikuwa na nondo, saruji na kokoto, haikuwa na yeye. Ukimwambia akubali tu, unamdai alipe nauli ya safari ambayo wote tumepanda.

Chukua sukari. Mwaka 1998 serikali iliuza sehemu kubwa ya kampuni ya Kilombero kwa wawekezaji, Illovo ya Afrika Kusini ndo ikashika usukani, serikali ikabaki na asilimia 25. Uzalishaji ulipanda, wakulima wa nje wakaongezeka, mtu mwenye ekari mbili za mpunga akageuza kuwa miwa. Zipo nyumba za bati na ada za shule zilizotoka kwenye miwa hiyo, wengine tunaosoma hapa ni ushahidi unaotembea. Lakini pia wapo walioondolewa kazini kwenye mageuzi hayo, na wapo wakulima ambao miaka fulani miwa yao ilikauka shambani bila kukatwa kwa kuwa kiwanda kilikuwa kimeshiba. Mpunga ukikosa soko unaula. Miwa utaitafuna mpaka lini? Mwaka 2021 kikatangazwa kiwanda kipya, K4, ili miwa mingi zaidi ipate pa kwenda. Swali langu kwa mhubiri: aliyeng'oa mpunga kwa kusikiliza ushauri wako, miwa ikakauka, yeye hakukubali mabadiliko? Alikubali kuliko wewe! Aliweka ekari zake mezani. Wewe uliweka nini zaidi ya maneno?

Au chukua kuni. Hifadhi ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa 1992, makao yake Mang'ula. Kwa miaka mingi akina mama wa vijiji vya pembeni waliruhusiwa kuingia siku moja kwa wiki kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikafutwa. Sababu ilikuwepo, tena ya kweli: watu wakiwa wengi na msitu ni uleule, msitu unaisha, na ukiisha hata mito inayoshuka Sanje na Mang'ula itatusahau. Mie nipo upande wa msitu. Lakini tazameni nani alilipa. Hakulipa mtalii, wala mie niliyekuwa nasoma kwa taa ya umeme. Alilipa mama, kwa miguu yake na kwa pesa ya mkaa ambayo hakuwa nayo. Mti wa kupanda unachukua miaka mpaka utoe kuni, sufuria ya ugali haisubiri miaka. Hapo mtu mwenye jiko la gesi akija kumfundisha yule mama kwamba hakuna kinachodumu, mie naona ni matusi yaliyovaa tai.

Sasa nije kwenye uongo wenyewe, ule wa kusema mabadiliko ni mvua.

Mto Ruaha Mkuu ndo damu ya Kidatu. Tangu 1993 mto huo ukaanza kukauka kabisa, wiki kwa wiki, wakati wa kiangazi, kule juu unakopita Hifadhi ya Ruaha. Kituo chetu kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya umeme wa maji nchini, na bwawa la Mtera lilijengwa juu yake likakamilika 1980 ili kukiwekea akiba. Ikafika 2006, Mtera chini, nchi ikaingia kwenye mgawo wa umeme ambao wakubwa zetu wanaukumbuka kwa mishumaa na jenereta. Waliaji walisema mto umelaaniwa. Wahubiri walisema hali ya hewa imebadilika, tukubali. Watafiti waliokwenda Usangu kupima maji walikuta jambo lingine: mifereji ya mashamba ilikuwa ikivuta maji hata kiangazi, wakati mpunga haupo shambani, na maji hayarudi mtoni. Wengine waliandika kuwa hata namna maji ya Mtera yalivyokuwa yakiachiliwa ilichangia upungufu. Kwa maneno mengine, palikuwa na mkono wa mtu kwenye bomba.

Na mkono usipotajwa, wanabebeshwa wengine. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu na mifugo yao kwa maelezo ya kuokoa maji. Kuna waliosogea na ng'ombe mpaka bonde letu. Mwishoni mwa 2012 ikaja operesheni ya kuwaondoa wafugaji na Bonde la Kilombero nako, maana ni ardhi oevu iliyotambulika kimataifa tangu 2002. Fikiria mtu kaondolewa mara mbili ndani ya miaka sita, kila mara anaambiwa mazingira yamebadilika. Na mto ukaendelea kukauka. Je, bado mnasema ni mvua?

Hii ndo hoja yangu yote, mkisahau mengine bakini na hii: kama ni kweli hakuna kinachodumu, basi hata uamuzi wa wakubwa haudumu. Mfereji ulifunguliwa na mtu, unaweza kufungwa na mtu. Mkataba uliandikwa, unaweza kuandikwa upya. Anayetumia maneno "hakuna kinachodumu" kutunyamazisha ameyashika maneno hayo kichwa chini miguu juu. Maneno hayo ndo yanayotupa ruhusa ya kufungua mdomo.

Mtaniuliza, sasa tuishije, kama si kulia wala kuvumilia? Sina haja ya kwenda mbali. Bondeni kwetu jibu lipo, linaitwa dungu. Wa mjini wasiolijua: ni kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, mkulima anakaa humo shambani msimu wa mpunga, analinda ndege na nguruwe, na maji ya masika yakija yanapita chini yake. Familia inafunga virago, inahamia shamba miezi kadhaa, kisha inarudi kijijini. Mto Kilombero unafurika karibu kila mwaka, na mafuriko hayohayo ndo yanayoleta rutuba ya mpunga wa kule. Angalieni akili ya mtu wa dungu. Halilii bonde kwamba jana lilikuwa kavu. Wala hamwambii mkewe "tukubali tu, maji ni maji," wakakaa chini wakazama. Anajua maji yanakuja, hivyo ananyanyua sakafu. Anajua dungu halitadumu, hivyo halijengi kwa tofali za kuchoma, na likiisha halilii. Lakini akiona mtu kaziba mkondo kule juu maji yakaja kwake yote, anakwenda kugombana, tena mapema kabla ya mavuno. Kukubali, kujiandaa na kugombana, vyote vinakaa ndani ya mtu mmoja bila ugomvi.

Na msidhani ni mabaya tu yanayopita. Mazuri nayo yanapita, na hapo ndo wengi tunalala. Miaka ya 1990 pale Ifakara, kwenye kituo cha utafiti kilichoanzia kwenye maabara ya Waswisi ya 1957, walianzisha mradi wa kuuza vyandarua vyenye dawa Kilombero na Ulanga. Chandarua chenyewe kikaitwa Zuia Mbu, wakubwa zetu wanakikumbuka. Malaria ikashuka, watoto wakapona. Aina ya mbu iliyokuwa ikiongoza kutuua, Anopheles gambiae, ikapungua mpaka ikawa nadra bondeni. Tukashangilia. Kumbe mbu mwingine, Anopheles funestus, yupo, mchache kwa idadi lakini sugu kwa dawa, na watafiti haohao wa Ifakara wakaja kukuta kuwa ndiye anayebeba sehemu kubwa ya maambukizi siku hizi. Mbu hakwenda semina yoyote, jamani, lakini kabadilika kabla yetu, teh teh. Wale wataalamu hawakukaa kulilia ushindi wa 1997. Walirudi mashambani na mitego yao kuhesabu mbu upya. Ndo maana nasema kukubali kwamba hali haidumu ni kazi, tena kazi ya kila siku, kama kufagia uwanja.

Sasa tugeukie chuo, maana naona mnacheka ya Kidatu kama vile hayawahusu.

Sie hapa ndo walilia zamani wakubwa. Zamani yetu inaitwa ajira ya kudumu. Kuna wakati mhitimu wa chuo kikuu nchi hii alikuwa analipiwa kila kitu na serikali, akimaliza anapangiwa kazi, anapewa na nyumba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaja sera ya kuchangia gharama. Sheria ya Bodi ya Mikopo ikapitishwa 2004, bumu likawa deni. Walimu waliendelea kupangiwa vituo moja kwa moja mpaka katikati ya miaka ya 2010, nao mlango ukafungwa, sasa ni kuomba na kusubiri. Hayo yote yametokea, lakini bado tunakaa hosteli tunapanga maisha ya mwaka 1978. Tunasoma kozi kwa sababu mjomba aliajiriwa nayo. Tunamaliza, tunarudi nyumbani kukaa karibu na simu, tunasubiri tangazo. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mama anaulizwa sokoni "mwanao kapata kazi?" anasema "anasubiri." Kusubiri kumekuwa ni taaluma.

Na upande wa pili wapo wahubiri wetu wa semina: "Acheni kutegemea ajira, jiajirini!" Anayesema hivyo ana mshahara wa kudumu, pensheni, na gari la ofisi linamsubiri nje likiwa linanguruma. Kwa nini mabadiliko haya matamu hayakuanzia kwake?

Kwetu Kidatu kila mtu anajua tofauti ya mfanyakazi wa kudumu na wa msimu. Wa msimu anaingia miwa ikianza kukatwa masika yakiisha, anatoka mvua kubwa zikikaribia. Sisemi msimu ni mtamu, hauna uhakika, na ukiugua umeugua wewe na nyumba yako. Lakini mtu wa msimu mwenye akili anaingia kazini anajua tarehe ya kutoka. Ana bustani ya mboga, ana kuku, mke ana genge, na bado akipunjwa mizani anasimama na wenzake kudai. Msomi wa hosteli hana hata kimoja kati ya hivyo. Hana bustani, na kudai nako anaogopa. Anasubiri tu, na cheti kimo kwenye plastiki.

Basi nasema hivi, na atakayechukia achukie. Wenzangu wa bondeni, acheni kumzika mji ambao bado unazaliwa. Barabara ya lami imefika, bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lenye megawati 2,115 limekipita kituo chetu zaidi ya mara kumi, na zaidi ya nusu ya maji yake yanatoka mto Kilombero. Hapo ndo pa kuweka akili: nani atalinda vyanzo vya maji hayo, na kijiji kinachoambiwa kisilime kando ya mto kitapata nini? Hilo swali lina tarehe ya mwisho ya kuuliza, kijiwe hakina. Ukimaliza kulilia miwa ya utotoni, kikao cha kijiji kitakuwa kimeshafungwa na muhtasari umesainiwa.

Nanyi wahubiri, kila mkitaka kumwambia mtu akubali mabadiliko, mwanze na maswali matatu: nani ameamua, nani analipa, na aliyelipa kapewa muda gani wa kunyanyua sakafu yake? Mkiwa na majibu, njooni, tutawasikiliza mpaka mwisho na makofi tutapiga. Kama hamna, tai vueni, mkae kwenye benchi na sie, tutafute majibu wote.

Mie mwenyewe Jumamosi naenda kuonana na mzee mmoja anayenunua mpunga wa Mang'ula na kuuleta mjini, anataka mtu wa kumwekea hesabu mpaka mavuno yaishe. Ni kazi ya msimu. Nimemwambia naanza, ila malipo tuyaandike kwenye karatasi kabla sijashika kalamu.

Maji yametoka sasa hivi bombani, nasikia ndoo zinagongana korido nzima. Ngoja niwahi kabla hayajakatika.

Nawakilisha.